Maonyo kwenye Programu ya Mizani

Mdogo wangu alipokufa, kompyuta ya ofisi ya kinu iliendelea kupima pamba kana kwamba hakuna kilichotokea. Sisemi hivi kuilaumu. Mashine haina ndugu. Lakini mimi nilikuwa nakaa mbele yake kutwa nzima, na kila asubuhi nilipoiwasha iliandika "Mwangaluka" katikati ya skrini, salamu yetu Wasukuma ya asubuhi, kwa sababu yeye ndiye aliyeiambia iandike hivyo. Wengine waliofiwa hufunga chumba cha marehemu wakapumzika kidogo. Mimi nilisalimiwa naye kila siku ya kazi, kisha nikaanza kupima.

Kinu chenyewe kilikuwa nje kidogo ya Bariadi, kinu cha kuchambua pamba, kimoja kati ya vile vilivyofunguliwa soko huria lilipokuja. Kabla ya hapo pamba yote ilikwenda ushirika. Nilikuwa mpiga chapa wa chama chetu cha msingi cha ushirika, nimemaliza darasa la saba na kozi fupi ya kupiga chapa kwa masista, basi. Halafu wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake na maturubai yake, na chama kikafa taratibu kama moto usiochochewa. Taipureta ilibaki ndani ya ofisi iliyofungwa. Watu walifurahi mwanzoni, maana ushirika ulikuwa umewachosha kwa ahadi. Baadaye wakaona kwamba walichopata ni uhuru wa kuchagua nani awapunje.

Mdogo wangu alikuwa amesomea umeme na kompyuta Mwanza. Baba aliuza ng'ombe kwa ajili hiyo, na majirani wa kijijini kwetu Nkololo walimwona baba amechanganyikiwa, mtu anatoa ng'ombe walio hai kwa ajili ya kitu kisichoonekana. Aliporudi akapata kazi kinuni. Tajiri, ndivyo sote tulivyomwita mwenye kinu, alikuwa ameagiza mizani ya umeme yenye waya wa kuunganishwa na kompyuta, lakini hakuna aliyejua kuviunganisha. Mdogo wangu ndiye aliyeandika programu ya kusoma mizani ile. Na akaongeza jambo ambalo hakuombwa. Aliweka skrini ya pili dirishani, imegeukia nje, ili mkulima aliyesimama uani na gunia lake aone uzito uleule ninaouona mimi ndani, na karani asiweze kuubadilisha. Tajiri alinung'unika, kisha akaona mikokoteni ya ng'ombe na baiskeli kutoka Dutwa zikipita milango ya wanunuzi wengine na kuja kwake. Akaiacha palepale.

Skrini ile ya dirishani ndiyo aliyoipenda mdogo wangu kuliko kitu chochote alichowahi kufanya. Alisema watu wetu wameibiwa kilo tangu enzi za babu, na yeye hawezi kuwarudishia, ila anaweza kuwaonyesha namba.

Alipoanza kuugua alikonda haraka. Ulikuwa ugonjwa ambao wakati ule haukutajwa; tulisema homa, tulisema kifua, na kila aliyekuja kumwona alijua na akasema homa pia. Macho yake yalififia kabla ya mwili. Tajiri aliniajiri mimi kama karani wa mizani kwa sababu yake, na mwaka wake wa mwisho yeye alikuwa anakaa kwenye benchi nyuma yangu, amejifunika shuka, anatamka programu yake upya, sehemu kwa sehemu, nami napiga chapa. Nilipiga programu ile jinsi nilivyokuwa nikipiga mihtasari ya vikao vya chama, bila kuielewa. Alitamka kila alama. Mabano, nukta na mkato, mabano tena. Nikikosea alisema, "Hapana, dada, rudi," bila hasira. Kwa hiyo ningeweza kukuonyesha mstari gani aliutamka akiwa na kikohozi, na upi aliutamka siku aliyoamka ana nguvu akaomba samaki. Maana yake sikuijua. Sauti yake ndiyo niliyoijua.

Tulimzika Nkololo, masika, njia imejaa maji. Watani hawakuja. Kwa wasioijua desturi hii, mtani ni mtu wa kabila ambalo mnataniana nalo tangu zamani, na kwenye msiba ana kazi yake: huwatukana wafiwa, humwigiza marehemu, hushika mkeka na nguo zake, vitu ambavyo ndugu hawana moyo wa kuvigusa. Kelele zake huwasaidia watu kulia vizuri. Sisi tulilia bila kelele hizo, watu wachache, wengi wakiogopa nyumba yetu. Baba alisema msiba haujaisha. Alisema hivyo wiki ile, na alikuwa akiendelea kusema hivyo miezi mingi baadaye.

Kisha jenereta ya kinu ilifanya wazimu siku moja mchana, umeme ukapanda, kompyuta ikatoa moshi mdogo na kuzima.

Tajiri alinunua mpya na kumleta fundi kutoka Dar es Salaam, kijana mrefu mwenye suruali iliyonyooshwa vizuri, ambaye vumbi la Bariadi lilimshangaza kila siku upya. Maandishi ya programu nilikuwa nayo kwenye disketi. Fundi alinieleza, na nitaeleza kama nilivyoelewa. Kile anachoandika mtu, mashine haiwezi kukitumia hivyohivyo. Kuna programu nyingine, wao huiita kompaila, ambayo huyasoma maandishi kuanzia juu hadi chini na kuyageuza kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Na mtu haandiki kila kitu mwenyewe. Mistari ya juu kabisa huita mafaili yaliyokuja na mashine yenyewe, na humo ndani mambo yamekwisha elezwa: namna ya kusoma waya, namna ya kufuta skrini, namna ya kujua saa. Mdogo wangu aliyaita mafaili hayo, akayatumia maelezo yaliyokuwamo wakati wake.

Fundi aliingiza disketi, akaandika amri, akabonyeza. Skrini ikaanza kutiririka.

Onyo. Jina la faili, namba ya mstari, onyo. Mstari mwingine, onyo. Yalipanda juu upesi kuliko ninavyoweza kusoma, na yote yalikuwa na jina la faili ambalo mdogo wangu alilichagua, kwa sababu mashine hutaja jina la faili kila inapolalamika. Niliona jina lile linapita, linapita, kama mtu anayeitwa mbele ya darasa kwa makosa. Mwishoni fundi alirudisha nyuma akanisomea moja. Kwa Kiingereza chao lilisema kwamba maelezo yanayotumika hapa ni ya zamani, hayapendekezwi tena, na mtu atumie mengine yaliyotajwa.

Nilimuuliza kama ina maana mdogo wangu alikosea.

"Hapana," alisema. "Alipoandika, ilikuwa sahihi. Waliotengeneza mashine wamebadilisha. Maneno yake bado yanafanya kazi. Ni kwamba hawayataki tena."

Na kweli programu ilifanya kazi. Aliiendesha, salamu ikatokea, skrini ya dirishani ikawaka sifuri. Ningefurahi kama tajiri asingekuwa amesimama mlangoni wakati maonyo yanapita. Aliuliza ni nini kile. Fundi alimweleza ukweli, kwamba leo hakuna tatizo, lakini mashine zijazo zitakuwa zimeyatoa kabisa maelezo hayo, na siku hiyo programu itakataa, au itasoma mizani vibaya. Tajiri alisema hataki mashine inayolalamika. Alikuwa tayari amepewa bei ya programu nyingine na mchuuzi mmoja wa mjini, programu ya kununua, yenye stakabadhi nzuri. Haikuwa na skrini ya dirishani. Fundi aondoe maonyo yote kabla ya msimu kufunguliwa, au hiyo ya kununua iwekwe. Akaenda zake kuangalia marobota.

Fundi alivuta kiti. Alisema si kazi ngumu, ni kupitia sehemu zilizoonywa, kufuta mistari ya zamani na kuweka mipya. Akagusa kibao cha kuandikia. Nikamwekea mkono juu ya mkono wake. Sikupanga kufanya hivyo. Nilimwomba aniache kwanza hadi Jumatatu, na sikumweleza sababu, na yeye, namshukuru, hakuniuliza mbele ya watu.

Jumapili nilipanda basi, kisha baiskeli ya kukodi, hadi nyumbani Nkololo. Baba alikuwa ametoka kanisani, amekaa kivulini mwa ghala akitoa miiba kwenye kwato za ndama. Nilimweleza kwa Kisukuma, na Kisukuma hakina maneno ya mambo haya, kwa hiyo nilisema tu kwamba vitu vya mwanao vilivyoko kinuni vimepitwa na wakati, na anatakiwa mtu avifute aweke vingine, ili kazi yake isitupwe yote. Aliniuliza nani atakayefuta. Nikasema kijana wa Dar. Akaniuliza ni mtu wa wapi hasa. Nikasema Mzaramo.

Baba aliachia mguu wa ndama.

"Mtani," alisema. "Kumbe alikuwa njiani muda wote huu."

Sikuona kama alitabasamu au la. Alisema mimi nisiguse hata mstari mmoja, ni mwiko ndugu kuvua nguo za marehemu, mtani ndiye avue. Na nimpe kuku. Alinikamatia jogoo mwenyewe, akamfunga miguu, nikarudi naye Bariadi kwenye basi akinitazama kwa jicho moja safari nzima.

Jumatatu nilimweka jogoo juu ya meza ya ofisi, kando ya kompyuta. Fundi alimtazama, akanitazama. Nilimweleza yote, mazishi bila watani, baba, mwiko. Nilidhani atacheka, mtu wa mjini. Alimpokea jogoo kwa mikono miwili. Akasema bibi yake wa Kisarawe angempiga bakora kama angekataa.

Halafu alibadilika. Sijui kama ni jambo wanalozaliwa nalo. Alijifunga shuka la mlinzi kiunoni kama mwanamke aliyefiwa, akakaa kwenye kiti changu na kupiga yowe moja lililowaleta wapakiaji mlangoni.

"Wasukuma nyie," alisema, "hata kompyuta mnaichunga kama ng'ombe. Hebu ona huyu marehemu wenu alivyokuwa mchoyo. Kang'ang'ania maneno ya zamani kama mzee na koti la mkoloni."

"Na ninyi mmeuza pwani yote mkabaki na ngoma," nilimjibu.

"Tumeuza, tumekula. Ninyi mnahesabu mikia hadi mnakufa njaa." Akafuta mstari wa kwanza. "Huu naondoka nao. Huu nitamshonea mke wangu kanga."

Wapakiaji walicheka. Mmoja alianza kulia huku anacheka, alikuwa rafiki wa mdogo wangu, na sikuwa nimemwona akilia mazishini. Fundi aliendelea hivyo sehemu baada ya sehemu, anamtukana marehemu kwa uvivu, kwa kiburi, kwa kuandika mistari mirefu kama bomba la mvua, na kila tusi lilikuwa na mstari unaotoweka. Kila alipomaliza sehemu alibonyeza ile amri, maonyo yakatiririka tena, safari hii machache zaidi. Hadi chakula cha mchana yalikuwa yamebaki ya kuhesabika.

Na mimi? Ilikuwa inatakiwa nipate nafuu. Niliiona nafuu ikiwapata wengine mbele yangu, mabega yao yakishuka. Mimi nilikuwa natazama mistari. Mdogo wangu alikuwa ameweka hapa na pale maneno ya Kiswahili kando ya kazi, vidokezo vya kumsaidia atakayekuja kuisoma, na hayo fundi hakuyafuta kwa sababu mashine haiyasomi. Kwa hiyo ilibaki sentensi yake, "hapa futa skrini upole," na chini yake mstari wa mtu mwingine. Ilikuwa kama nyumba ambayo jina la mwenyewe bado liko mlangoni na ndani wanaishi wapangaji. Niliposoma kimoyomoyo, nilifika kwenye mistari ile mipya na sauti ikakatika. Sikuwa na mtu wa kunitamkia.

Likabaki onyo moja. Wapakiaji walikuwa wamerudi kazini. Lilikuwa kwenye sehemu inayongoja mizani itulie kabla ya kuchukua uzito, maana gunia likiwekwa namba hucheza, na karani mwenye haraka au mwenye nia mbaya anaweza kuikamata ikiwa chini. Sehemu hiyo ndiyo aliyoitamka mwisho. Siku ile alirudia mara nyingi kwa sababu pumzi haikutosha kumaliza mstari, na alipomaliza akasema tuende nyumbani, na hakurudi tena ofisini.

Nilimwambia fundi hivyo. Aliacha utani. Alifungua shuka kiunoni na kulikunja.

"Dada," alisema, "naweza kuuacha huu. Naiambia kompaila inyamaze, onyo halitatokea. Tajiri hataona kitu."

Nilitaka kusema ndiyo. Sitasema uongo hapa, nilitaka kuliko nilivyotaka chakula siku za njaa. Nilimuuliza itakuwaje ikija mashine nyingine. Alisema itakataa, au mbaya zaidi itakubali, na namba ya dirishani itakuwa haijatulia. Nikamuuliza kama mkulima ataweza kujua kwamba ile siyo namba yenyewe. Alitikisa kichwa. Alisema mkulima ataamini, maana amekwisha izoea.

Nje kulikuwa na watu wawili watatu waliokuja mapema kuulizia siku ya kufungua, wamekaa juu ya magunia matupu, wamegeukia dirisha lile. Wanaume wa makamo, miguu imepasuka. Walikuwa wanaitazama skrini ikiwa sifuri, wanaingoja.

"Futa," nilisema.

"Geuka basi."

"Sigeuki."

Alifuta. Hakutukana safari hii, na mimi sikulia. Mstari uliondoka herufi baada ya herufi kutoka mwisho kwenda mwanzo, jinsi kibao kinavyofuta, kwa hiyo neno alilolitamka mwanzoni ndilo lililokaa muda mrefu zaidi. Kisha nalo likaondoka. Fundi aliandika wake, mfupi, nadhifu. Akabonyeza amri.

Nilikaa nikingoja. Skrini ilisimama tu, alama ndogo ikipepesa kwenye mstari mtupu. Nilimuuliza mbona haisemi kitu. Alisema ndivyo inavyokuwa ikiwa sawa. Ikiridhika haifungui mdomo.

Tajiri aliitwa, akaonyeshwa ule utupu, akasema vizuri. Ile programu ya kununua haikuwekwa. Fundi aliondoka na basi la asubuhi akiwa na jogoo wake kwenye kikapu, na baba alipopata habari alinyoa nywele na kutangaza msiba umekwisha. Watu wa Nkololo wakala, wakagawana nguo za marehemu.

Msimu ulifunguliwa. Mtu wa kwanza aliweka gunia, namba ikacheza, ikatulia, akaisoma kwa sauti kupitia dirishani, nami ndani niliona ileile. Akasema kinu hiki ndicho cha haki. Nikamwandikia stakabadhi. Nilipima hadi jioni, uzito baada ya uzito, na hakuna hata mmoja uliokuwa na kosa, na katika kazi ile yote sikumsikia mdogo wangu popote.